Wenye Nyumba wa Chini ya Kitanda

Siku ya tatu ya msiba wa dada Somoe, wakati tanga linaanuliwa na wanaume wenzangu wapo nje chini ya turubai wakimalizia kahawa, mimi nilikuwa nimekaa ndani. Waliponiuliza nilisingizia jua. Ukweli ni kwamba tangu utotoni siku niliyoipitisha nje ya nyumba huihesabu kuwa imepotea, na sasa nina miaka sabini, siku za kupoteza sina. Basi nilikuwa kwenye kiti cha kamba, katika ukumbi ule ule wa Nang'oto, kwenye vilima vya juu ya Mchinga, nikisikiliza mafagio na kunusa ubani uliobaki kwenye mapazia. Mara bibi harusi mmoja wa ukoo, mgeni bado katika nyumba hii, akatoka chumbani kwa marehemu na fagio kwapani, na mkononi kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. "Maji machafu haya yalikuwa chini ya kitanda," akasema, "tena yana mdudu. Nakwenda kumwaga." Zuhura, mtoto wa marehemu, ambaye naye sasa ni bibi wa watu, aliruka kutoka kwenye mkeka kama hana magoti. "Weka hapo! Ukimwaga hayo umemmwaga mama." Akakipokea, akakiweka juu ya kigoda mbele yangu. "Mjomba, mgeni wako huyo. Sema tumfanyeje, maana kesho nyumba inafungwa, na mimi mume wangu ananisubiri Mchinga."

Nikainama kuchungulia. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Kulikuwa na jani bovu moja, na juu ya jani kadudu ka urefu wa pingili ya kidole, miguu sita, macho pembeni ya kichwa, na mkiani majani matatu madogo kama unyoya wa mshale. Kalinitazama jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mchuuzi aliyeingia bila hodi. "Kumbe," nikasema. Nikabaki nimeinama. Wale wenye adabu walidhani namlilia marehemu, na hawakukosea sana.

Habari za ukoo naziruka. Nani alimzaa nani hayamsaidii mtu kuelewa mwaka wa sabini na nne, na wenyewe wa Nang'oto wanayajua kuliko mimi. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili, kidato cha tano sikuitwa, na nilirudi kwa shangazi Hadija na sanduku la bati lenye vitabu vinne na nia moja tu: kulala mchana. Chumba changu kilikuwa cha kushoto ukitoka ukumbini, dirisha la ukubwa wa sahani, kitanda cha kamba, ukuta wa udongo uliokuwa baridi hata mwezi wa Novemba. Kila nikikumbuka ujana wangu hukumbuka ubaridi wa ukuta ule kwenye shavu. Kutoka jikoni ilikuja sauti ya kinu, kisamvu kikitwangwa, kisha harufu ya nazi na korosho, kisha sauti ya shangazi: "Mwali! Mwali wetu wa kiume! Toka ule, au tukuletee kungwi?" Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, jua lisimwone, mpaka siku ya kuchezwa na kutolewa. Mimi nilikuwa na ndevu tatu na cheti, na jina langu kijiji kizima lilikuwa Mwali. Walionipa ni watoto wa shangazi, ambao kwa mila ni watani zangu, na utani haulipizwi kwa hasira. Aliyelipenda kuliko wote alikuwa dada Somoe, mkubwa wangu kwa miaka kumi, aliyeachika Mtama na kurudi nyumbani na cherehani yake na binti mmoja, huyo Zuhura.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni, kila mmoja na mikorosho yake, walitakiwa kukaa pamoja kando ya barabara. Nilikuwa nikilala nikiota naambiwa nihame chumba, nikaamka na jasho. Kisha wapimaji wakaja na kamba, wakapima, na mpaka wa kijiji kipya ukapita nyuma ya jiko la shangazi. Wenzetu walihamia kijijini. Sisi kijiji kilihamia kwetu. Kwa wiki kadhaa nilikaa barazani nikitazama watu wakishusha vitanda, vinu, kuku waliofungwa miguu, na bibi mmoja aliyebeba mlango wake kichwani kwa sababu, alisema, nyumba wanaweza kumpa lakini mlango huu aliuzoea. Nilimwelewa yule bibi kuliko nilivyowahi kuielewa hotuba yoyote. Kila aliyefika alichimba udongo mbele ya kiwanja chake ili akandike kuta, na nyumba zilipoanza kusimama, mbele ya kila nyumba palibaki shimo. Mashimo yale niliyaona kila siku. Kuona na kutazama ni kazi mbili, na mimi nilikuwa sina hata moja.

Nyuma ya jiko, hatua kama mia mbili, palikuwa na msitu mdogo wa miti mikubwa, tulioita Kwa Bibi. Haukukatwa kwa sababu ya makaburi. Ndani yake mchana ulikuwa wa kijani kibichi, na hewa ilikuwa nzito na tulivu, hata ukikohoa uliona aibu. Miti ile ya kale, mikongo hasa, ilikuwa na mashimo kwenye mashina na kwenye mapanda, na mashimo yalishika maji ya mvua. Somoe ndiye aliyeyajua yote. Siku ya kumtoa mwali, maji ya kumnawisha uso yalichotwa huko, kwa sababu ni maji yaliyotoka mbinguni yasiguse ardhi. Mchotaji alipiga hodi kwanza, akachota kwa upawa wa kifuu mara tatu, si nne, na kila mara alitazama ndani ya upawa. Akimwona mdudu humrudisha shimoni, akisema, "Mwenye nyumba, samahani." Ya unyago mengine siyajui, na ningeyajua nisingeyaandika.

"Kila shimo lina mwenye nyumba mmoja tu," Somoe aliniambia adhuhuri moja, akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, mimi nikiila. "Wakiwa wawili, mmoja anamla mwenzake. Anakaa humo gizani miezi, hatoki, chakula kinamfuata, viluwiluwi wa mbu, hata kachura kadogo. Anakula analala, anakula analala." Akanitazama, kisha akaitazama sahani niliyokuwa nimeimaliza. "Sijui kanikumbusha nani." Nikamwambia aendelee na hadithi. "Ndiyo mwisho sasa. Akishakua anapanda juu, anavua ngozi, anatoka sindano." Sindano tulimjua sote: ndugu mwembamba wa kereng'ende, mkia wake mrefu kama kiganja na vidole vyake, ambaye huko msituni alielea polepole kivulini kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha ndotoni. Somoe alidai wanakwapua buibui kwenye tando zao. Alidai pia kwamba dume huning'inia kwenye kitawi jirani na shimo lake siku nzima, akilinda, na dume jingine likija hulifukuza, ila jike likija hulikaribisha litage hapo hapo. "Kwa hiyo hata huyo hatoki sana," nikasema. "Hatoki," akakubali. "Lakini anafanya kazi akiwa hapo hapo. Hapo ndipo mnapoachana."

Kazi nilipewa mwezi ule ule. Kulikuwa na kampeni ya afya redioni, na kila Ijumaa baada ya alasiri watu walikusanyika kwetu kuisikiliza, redio ikiwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Mwenyekiti wa kijiji alihitaji katibu wa afya anayeweza kusoma vijitabu na kuandika ripoti. "Huyu Mwali wenu kazi yake nini?" akamuuliza shangazi. "Kukaa," shangazi akajibu. "Basi ukatibu ni kazi ya kukaa," akasema mwenyekiti, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika ujenzi wa taifa. Niliichukulia kazi ile kwa uzito unaonichekesha mpaka leo. Nilikumbuka daftari la baiolojia: mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, kama vile makopo, vifuu na mashimo ya miti. Nikakaa barazani na rula, nikachora ramani ya Kwa Bibi kwa kukisia, nikaweka alama ishirini na moja za duara, nikaandika chini kwa herufi kubwa: MASHIMO YOTE YA MITI YAFUKIWE MCHANGA. Msituni kwenyewe sikwenda. Kulikuwa na jua.

Niliisoma karatasi ile Ijumaa, nimesimama, mkono mmoja mfukoni. Watu walipiga makofi. Somoe, aliyekuwa mlangoni na uzi mdomoni, aliutoa uzi. "Mwali, umekwenda kutazama?"

"Sayansi, dada, haihitaji kutazama kila kitu. Imeandikwa."

"Wenye nyumba je?"

"Wenye nyumba gani? Hao wadudu?" Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza wanacheka upande wangu. Somoe akaurudisha uzi mdomoni. Kwa mtani wangu, hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Vijana walipangiwa kufukia mashimo Jumamosi asubuhi. Kabla hawajanywa uji, Somoe alishakwenda na kurudi. Niliamshwa na mlio wa bati sakafuni. Alikuwa amepiga magoti, upindo wa kanga umelowa, akisukuma vikombe chini ya kitanda changu kimoja kimoja, pamoja na bakuli, kopo la samli na chungu kilichomeguka. "Wanane tu," akasema. "Wengine sikuwafikia, wako juu. Wageni wako hawa, wamefukuzwa kwao na karatasi yako. Maji nimechota huko huko kwao. Usiwachanganye."

"Dada, mimi ni katibu wa afya! Maji yaliyotuama chini ya kitanda cha katibu wa afya?"

"Ndiyo maana hapatakaguliwa." Akasimama, akakung'uta magoti. "Na wanakula viluwiluwi. Utawatafutia."

Nikabaki kitandani nikisikiliza koleo za vijana nyuma ya jiko, mchanga ukimiminwa na mtu akiimba. Kilio cha mchanga kwenye maji ni kidogo sana. Nilikisikia siku nzima, au nilidhani nakisikia, na ukuta haukuwa baridi tena.

Hivyo ikaanza ile miezi ambayo nikiifikiria sasa naiona kama nimeilala yote, nikiota nikiwa macho. Niliweka kitabu cha jiografia juu ya kopo la samli kama kifuniko, nikiacha upenyo. Nilijifunza kulala ukingoni mwa kitanda, kichwa chini, nikitazama ndani ya kikombe. Mwenye nyumba hakimbizi chakula. Anasubiri juu ya jani lake mpaka umsahau, kisha kidomo cha chini kinafyatuka mbele kama mkono kutoka dirishani, na kiluwiluwi hayupo. Anarudi kusubiri. Ningeweza kutazama hivyo asubuhi nzima, na nilitazama. Siku moja, kwa uvivu wa kutafutia vyombo viwili, nilimimina kikombe kimoja ndani ya kingine nikiamini kwamba ndugu hawawezi kushindwa kukaa pamoja, mwaka wenyewe ukiwa wa ujamaa. Kesho yake alikuwepo mmoja, amenenepa. Somoe alipoona hakunigombeza. Alisema tu, "Si kila mtu ni wa kuhamishiwa kijijini," kisha akatazama dirishani kama kuna mtu.

Chakula chao ndicho kilichonitoa nje. Vyombo vya ndani havikutoa viluwiluwi wa kutosha, na niliona haya kuwauliza watu. Asubuhi moja baada ya mvua za kwanza nilichukua kikombe, nikavuka barabara, nikainama kwenye shimo la udongo mbele ya nyumba ya yule bibi mwenye mlango. Maji yalikuwa meusi yakitetemeka. Nilifikiri ni upepo. Haukuwepo upepo. Walikuwa viluwiluwi, hawana idadi, wakipanda na kushuka kama pilipili manga kwenye mchuzi unaochemka. Nikaenda shimo la pili, na la tatu. Kila nyumba mpya ilikuwa imejichimbia kisima cha mbu mlangoni, na katibu wa afya alikuwa ameyaruka mashimo hayo yote akaandika miti, kwa sababu kitabu kilitaja miti. Yule bibi alinitazama kutoka kizingitini. Mjukuu wake alikuwa na homa wiki ile, kajifunika kanga tatu na bado anatetemeka. "Unachota nini, baba?" "Shikamoo, bibi. Nachota mbu." "Marahaba. Chota wote," akasema.

Nilipaswa kwenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo. Sikwenda. Nilijiambia nasubiri ripoti ya mwezi. Mtu wa ndani huwa na sababu nyingi, zote nzuri, zote za ndani.

Kisha mmoja akatoka. Ilikuwa asubuhi, shangazi akichekecha unga uani, na mimi nilifungua macho nikaona kitu kwenye kamba ya chandarua, shubiri moja kutoka puani kwangu. Mwenye nyumba wa kopo la samli alikuwa amepanda mguu wa kitanda na kamba yote ile. Alikuwa amekauka, kimya, kama aliyekufa njiani. Kisha mgongo ukapasuka mstari mmoja mwembamba, na ndani ya mpasuko kukaonekana kitu cheupe. Kichwa kilitoka kwanza, macho makubwa, kisha kifua, akajitupa nyuma na kuning'inia hivyo muda mrefu, nikashika pumzi mpaka nikaona nyota. Mkia ulitoka pingili baada ya pingili, na kila nilipodhani umekwisha, uliendelea. Mabawa yalikuwa mafundo manne yaliyokunjamana kama kanga iliyolala sandukuni, yakajikunjua taratibu mno hata huwezi kusema yalijikunjua lini. Alikuwa rangi ya maziwa. Baadaye, jua lilipofika kwenye kile kidirisha cha sahani, rangi ikaanza kumwingia kutoka ndani, kijani kilichochanganyika na buluu, kama mashimo ya Kwa Bibi yalipokuwa na maji. Somoe alikuja kuniita chai, akasimama mlangoni, chai ikapoa. "Angalia," akanong'ona. "Mwali katolewa." Kwa mara ya kwanza hakunitania mimi. Saa nne hivi sindano alijitikisa, akaelea kupitia dirishani, akageuka kuelekea msituni, kwenye miti niliyoijaza mchanga. Ganda lake nililiweka ndani ya daftari. Somoe alilitazama, akasema, "Atalinda shimo gani sasa?" Akaenda kupasha chai.

Wiki iliyofuata mambo mawili yalifika pamoja. La kwanza, Zuhura, aliyekuwa ameshawekwa ndani, alikaribia kutolewa, na shangazi alikwenda Kwa Bibi na upawa akarudi na mchanga. Hakupiga kelele. Alikaa jikoni, akaniita, akanimiminia ule mchanga kwenye kiganja. "Huyu mjukuu wangu nimnawishe hiki?" La pili, Bwana Afya wa wilaya alikuja kutoka Lindi kukagua nyumba kwa nyumba. Maji yaliyotuama yakipatikana ndani, mwenye nyumba anasimamishwa mkutanoni kutajwa jina. Nilimwona tangu barabarani, kijana, kaptula imepigwa pasi, soksi mpaka magotini, na nyuma yake mwenyekiti anayenyoosha kidole kwetu. Nikamwita Somoe. Somoe hakuuliza. Alivihamisha vyombo sita vilivyobaki chumbani kwa Zuhura, akashusha pazia, akakaa mbele yake na cherehani.

Bwana Afya alikagua jiko, akakagua choo, akainama chini ya kitanda changu akaona duara sita za unyevu sakafuni. "Hapa palikuwa na nini?" "Sufuria," nikasema, sauti yangu nyembamba kama ya mwali kweli. Akafika kwenye pazia. "Na humu?" Somoe hakuinua macho kwenye cherehani. "Humo kuna mwali." Bwana Afya alirudi nyuma hatua mbili, uso umemwiva; alikuwa mtoto wa huku huku. "Nyumba ya mfano," akamwambia mwenyekiti, na akaandika.

Tulikuwa tumeokoka. Walipokaa ukumbini kusubiri wali na papa wa nazi, mimi nilirudi chumbani, nikaegemeza shavu ukutani, nikamshukuru Mungu. Ukuta wa udongo hauzuii maneno. "Hii karatasi ya mashimo ya miti imeandikwa vizuri sana," Bwana Afya alikuwa akisema. "Nitaichukua. Nataka vijiji vyote vifanye hivi, kuanzia huku mpaka Mtama." Mwenyekiti akasema ni heshima kubwa kwa kijiji. Nikasikia karatasi yangu ikikunjwa mara mbili na kuingizwa kwenye mkoba. Nikafikiria kila Kwa Bibi ya kila kijiji, kila shimo na mwenye nyumba wake mmoja, na vijana na koleo, wakiimba. Nje cherehani ya Somoe ilikuwa imesimama. Naye alikuwa amesikia, na alikuwa anasubiri kama wanavyosubiri wale, juu ya jani.

Sijui nilitokaje mle chumbani. Najikumbuka tu nimesimama mbele ya mkeka wa chakula, bila viatu. "Karatasi hiyo ni ya uongo," nikasema. Mwenyekiti alisimamisha tonge hewani. Nikaeleza vibaya, nikianzia mwisho, nikataja jiografia badala ya baiolojia, na nilipokwama Somoe alipenya kwenye pazia akarudi na kikombe kimoja na bilauri. Akammimina mwenye nyumba ndani ya bilauri. Mimi nikavuka barabara, jua likinichoma utosini, nikachota kwenye shimo la bibi, nikarudi nikamimina viluwiluwi humo. "Kula, Bwana Afya," Somoe akasema, akiiweka bilauri katikati ya mkeka, kati ya wali na mchuzi. "Ukimaliza, tazama."

Hakula vizuri. Hakuna mtu anayekula vizuri huku mwingine akila mbele yake kwa adabu namna ile, mmoja, kisha kimya, kisha mmoja. Sahani zilipoondolewa, bilauri ilikuwa na maji, jani, na mtu mmoja aliyeshiba. Bwana Afya aliinua bilauri kwenye mwanga. "Huyu angestahili mshahara," akasema polepole. Kisha akaitoa karatasi mkobani. "Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Na nani anaikana?"

"Mimi."

"Basi mwenyekiti," akasema, "kijiji chako kina makatibu wawili, na mmoja ni mjinga. Shida sijui yupi." Watu waliochungulia mlangoni waliangua kicheko, safari hii upande ule ninaostahili. Lakini karatasi aliichana, na kabla hajapanda baiskeli yake alizunguka mashimo yote ya udongo, akainama kwenye kila moja, soksi zake zikiingia tope. Amri aliyoiacha ilikuwa fupi: mashimo ya udongo yafukiwe, na ya miti yafunguliwe na aliyeyafunga.

Nilifungua, mimi, kwa upawa wa kifuu, kwa sababu koleo ingechubua shimo. Mikono ilitoka malengelenge, na shangazi alinipaka mafuta ya nazi huku akicheka mpaka machozi. Kati ya mashimo niliyoyafikia, mengine yalikuwa yamepasuka kwa uzito na hayakushika maji tena. Miti miwili mikubwa ilikuwa imeshakatwa nguzo. Yalibaki saba. Zuhura alinawishwa kwa maji ya vikombeni, ambayo Somoe aliapa mbele ya makungwi kwamba hayajagusa ardhi, na siku ya tatu mvua ilishuka kweli kweli, mashimo yakajaa, tukawarudisha sita wetu mmoja mmoja. "Piga hodi," Somoe aliniambia. Nilipiga. Niliona haya kusema na mti, lakini nilikuwa nimesema makubwa zaidi na mkono mfukoni.

Mwaka uliofuata nilipata ukarani Lindi, nikapanga chumba mtaa wa Mtanda, nikaoa, nikakaa. Mtafiti mmoja kijana aliwahi kunipitia akiuliza habari za misitu ya huku. Aliniambia kwamba sindano wetu hapatikani ila kwenye vipande vya misitu ya pwani hii, kwamba bila shimo la mti hazaliwi, na kwamba ndugu zake wa karibu wako ng'ambo kabisa, Amerika ya Kusini. Mimi hata ndugu zangu wa Mtama tu naona wako mbali. Nilimsimulia hadithi ya bilauri, akaandika. Nilidhani ndiyo imekwisha, ni hadithi nzuri ya kuchekesha wageni, na kila nilipokuja Nang'oto kula wali wa Somoe sikuwahi hata siku moja kuuliza, wala kuchungulia chini ya kitanda chake.

"Kila kiangazi, mjomba," Zuhura aliniambia siku ile ya tanga, amekaa kwenye mkeka miguu mbele. "Miti imepungua, jua linaingia, mashimo yanakauka. Mama alikuwa anawatoa kabla hayajakauka, mmoja, wawili, anakaa nao mpaka mvua. Mwaka huu alimwahi huyu tu. Akaanza kuumwa."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukiambiwa utaandika karatasi."

Wanawake wakacheka, msiba au si msiba, nami nikacheka mpaka nikajifuta macho. Kisha watu wakaanza kutazamana. Nyumba ya kufungwa kesho. Mvua bado mwezi na zaidi. Mtu lazima akae ndani, asitoke sana, siku baada ya siku, bila haraka wala kazi, kuchungulia kikombe na kutafuta viluwiluwi. Nikaona macho ya ukoo mzima, kuanzia wazee mpaka yule bibi harusi, yakinigeukia mimi kwenye kiti cha kamba. "Mnanitazama nini?" nikauliza. Zuhura alikuwa ameshachukua shuka safi, anaelekea chumba cha kushoto.

Sura hii ya kumbukumbu zangu nimeiandika humo. Kitanda wamebadilisha, kidirisha ni kile kile, na ukuta, kwa shavu langu la uzee, umerudi kuwa baridi. Mgeni wangu amenenepa. Asubuhi nachota maji ya kunywa, namtazama, naandika mstari, namtazama. Jana mawingu yalisimama juu ya Kwa Bibi siku nzima bila kusema kitu. Leo alfajiri nimesikia tone moja kwenye bati, kisha la pili, kisha nikaacha kuhesabu. Sasa inanyesha kwa utulivu, ni mvua ya kujaza mashimo, na kikombe kiko mkononi, kimefunikwa kwa kiganja. Upawa wa kifuu nimeukuta mahali pake, nyuma ya mlango wa jiko. Viatu nimeshavaa.